Neno la Mpokeaji: Utoaji wa Jamii na Ubaguzi wa Rangi katika Misaada ya Kimataifa

Uislamu na Ukristo, dini zenye wafuasi wengi zaidi Afrika Mashariki, zinamtaka mwenye nacho ampe asiye nacho, lakini hakuna hata moja kati yake inayoridhika na tendo la kutoa likitazamwa peke yake. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 264, Kurani inawaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, yaani kwa kumkumbusha mtu fadhila aliyotendewa hadi ajione mdogo, na katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawakemea wanaotoa kwa kupiga baragumu ili wasifiwe na watu. Mafundisho haya yanabeba jambo zito kuliko adabu njema, kwa kuwa yanashikilia kwamba mali inaweza kutoka mkononi mwa tajiri, ikamfikia maskini na kumshibisha, na bado sadaka ikawa imeharibika kwa sababu ya namna mtoaji alivyomtazama aliyempa. Ikiwa hivyo ndivyo, linazuka swali ambalo wachumi peke yao hawawezi kulijibu: je, msaada unaotolewa kwa kudhani kwamba anayepewa hana akili ya kutosha kuamua mambo yake unabaki kuwa wema?

Swali hili linahitaji istilahi mbili zifafanuliwe. Ubaguzi wa rangi katika misaada ya kimataifa hauishii kwenye matusi au dharau ya mtu mmoja kwa mwingine. Unajumuisha pia taratibu ambazo, hata zikitekelezwa na watu wenye nia njema, humweka mtu wa asili ya Ulaya katika nafasi ya kupanga na kuhukumu, na kumweka Mwafrika au Mwasia katika nafasi ya kupangiwa na kuhukumiwa. Utoaji unaoongozwa na jamii, kwa upande wake, ni ule ambao watu wenye shida wanachangia wenyewe kwa fedha, kazi au maarifa, na wao ndio wanaoamua kilichokusanywa kitumike wapi na nani atoe hesabu yake. Hoja ya insha hii ni kwamba ubaguzi katika misaada umejikita zaidi katika jinsi imani inavyogawanywa kati ya watu, nani anasadikiwa kwa neno lake na nani anadaiwa ushahidi kila anapofungua kinywa, na kwamba thamani ya utoaji wa jamii inatokana na uwezo wake wa kumweka mtoaji mahali ambapo mpokeaji anaweza kumuuliza maswali.

Ulezi uliojengwa juu ya daraja

Mgawanyo huo wa imani una historia inayojulikana. Mwaka 1919, mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yaliandika Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, na katika ibara ya 22 yakaeleza kwamba makoloni na maeneo yaliyonyang'anywa Ujerumani na Uturuki yalikaliwa na watu wasioweza bado kujisimamia katika ulimwengu wa kisasa, kwa hiyo ustawi wao ukawa dhamana mikononi mwa mataifa yaliyoendelea. Kwa msingi huo Tanganyika ilikabidhiwa kwa Uingereza na Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji, na nchi zote zilizohusika zikapangwa katika madaraja matatu kulingana na kile kilichodhaniwa kuwa hatua ya maendeleo ya wakazi wake. Ibara hiyo inatumia lugha ya huruma tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo palipo na hatari yake, maana anayesemwa kuwa hajaweza kujisimamia hawezi kukanusha: kukanusha kwake kutachukuliwa kuwa dalili nyingine ya kutokomaa.

Miaka mitatu baadaye, Frederick Lugard, aliyekuwa gavana katika Nigeria, alichapisha kitabu kuhusu utawala wa Waingereza katika Afrika ya kitropiki, ambamo alitetea wajibu wa pande mbili: kuwaendeleza wenyeji na kuufungulia ulimwengu mali iliyomo katika nchi zao. Pande hizo mbili zilifungamana pia katika sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1929 kuhusu maendeleo ya makoloni ilitamka wazi kwamba fedha zitakazotolewa kwa kilimo na viwanda vya makoloni zikuze pia biashara na viwanda vya Uingereza kwenyewe, na ile ya mwaka 1940 ikaongeza neno ustawi bila kuhamisha mamlaka ya kuamua kutoka London. Nchi hizo zilipopata uhuru, taasisi nyingi zilibadilisha majina na watumishi, lakini mpangilio wa msingi, ambamo fedha na uamuzi vinakaa upande mmoja na mahitaji upande wa pili, ulirithiwa karibu kama ulivyokuwa.

Urithi huo ulikwenda mbali kuliko bajeti, ukagusa hata mamlaka ya kusema hisani ni nini. Sheria ya Kiislamu inajua wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe anaifunga isiuzwe wala isirithiwe, ili mapato yake yatumike kwa jambo la kheri. Na katika wakfu wa kifamilia mapato yanakwenda kwanza kwa kizazi cha aliyeweka wakfu, kisha kizazi kikikatika, kwa maskini. Kwa mafakihi jambo hili halikuwa na utata, kwa kuwa kumpa jamaa mhitaji ni sadaka na ni kuunga udugu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, Privy Council, mahakama ya juu kabisa ya rufaa ya himaya ya Uingereza iliyokuwa ikikaa London, iliamua kwamba wakfu wa namna hiyo ni batili ikiwa fungu la maskini liko mbali mno na halina uhakika, kwa kuwa kunufaisha familia hakukuonekana kuwa hisani kwa macho ya majaji. Waislamu wa India walipinga hadi sheria ya mwaka 1913, iliyosimamiwa na Muhammad Ali Jinnah, ikahalalisha tena wakfu hizo, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama hiyohiyo iliishikilia kanuni yake ya zamani katika rufaa iliyotoka Afrika Mashariki. Majaji waliokulia ndani ya utamaduni mmoja waliwaeleza watu wa utamaduni mwingine, waliokuwa na vitabu vya fikihi vilivyoitangulia mahakama hiyo kwa karne nyingi, kwamba walichokiita sadaka hakikuwa sadaka.

Dhuluma ya ushahidi

Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2007, alieleza aina ya dhuluma inayompata mtu katika nafasi yake ya kuwa mwenye maarifa. Sura mojawapo ya dhuluma hiyo, inayoweza kuitwa dhuluma ya ushahidi, hutokea pale neno la msemaji linapopunguziwa uzito kwa sababu ya kundi analotoka na wala si kwa sababu ya alichosema. Dhana hii inafaa sana kueleza kinachotokea katika misaada. Asasi ya kijiji iliyokaa na wafugaji miaka 20 ikisema kwamba mwaka huu mvua za vuli zimeshindwa na kwamba maji yanahitajika kabla ya chakula, taarifa yake inasubiri ithibitishwe na mtathmini aliyeletwa kwa ndege kwa wiki 2. Mtathmini huyo anawauliza watu walewale, anaandika yaleyale kwa lugha ya ripoti, na kuanzia hapo jambo linakuwa ukweli. Asasi hiyo inadaiwa andiko la mradi kwa Kiingereza au Kifaransa, hesabu zilizokaguliwa, sera 10 zilizoandikwa na risiti ya kila lita ya mafuta, ilhali shirika kubwa linalopitisha fedha hizo linakata gharama zake za uendeshaji kabla ya kugawa kinachobaki, na hakuna mwanakijiji anayeweza kuliomba shirika hilo risiti.

Ni kweli kwamba anayetoa fedha za walipa kodi ana wajibu wa kudai hesabu, na wajibu huo haupaswi kubezwa. Lakini mashaka yanapokuwa mengi kadiri ngozi ya anayetiliwa mashaka inavyokuwa nyeusi, hayawezi tena kuitwa tahadhari. Katika Mkutano wa Dunia wa Misaada ya Kibinadamu uliofanyika Istanbul mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa waliafikiana kwamba ifikapo mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ziwafikie watendaji wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo; mwaka huo ulipofika, sehemu iliyowafikia moja kwa moja ilikuwa chini ya asilimia 5. Mwaka huohuo wa 2020 wafanyakazi wa mashirika kadhaa, waliopo na waliokwisha kuondoka, walijitokeza hadharani kueleza jinsi rangi inavyoamua nani anapanda cheo, nani analipwa kwa kiwango cha kimataifa na nani anaondolewa kwanza pakitokea hatari, na mwaka 2022 Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa ya Bunge la Uingereza ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba ubaguzi wa rangi umo ndani ya sekta yenyewe, katika uongozi, katika mishahara na katika picha zinazotumiwa kuchangisha fedha.

Picha hizo zinastahili kutazamwa kwa makini. Mtoto anapigwa picha akiwa amekonda, nzi usoni, jina lake halitajwi na mama yake amekatwa nje ya fremu, kwa kuwa akionekana mama anayemhangaikia, mtazamaji wa mbali hatajiona kuwa ndiye tegemeo pekee la mtoto huyo. Masimbulizi ambayo Kurani inayakataza hutokea baada ya kutoa, mtoaji anaporudi kumkumbusha maskini alichompa. Katika picha hizi masimbulizi yanatangulia sadaka yenyewe, na udhalili wa mpokeaji unageuzwa kuwa njia ya kuipata.

Kutoa mbele ya wanaopewa

Utoaji wa jamii unapaswa kuelezwa kwa mambo yanayoonekana, la sivyo utabaki kuwa wimbo wa sifa. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Tanzania vinajulikana kama VICOBA, wanachama hukutana kila wiki wakiwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne, na haliwezi kufunguliwa ila mbele ya kikao. Pamoja na fedha za hisa, kila mwanachama hutia kiasi kidogo katika mfuko wa jamii, ambao ndio unaomwendea aliyefiwa, aliyelazwa hospitali au aliyeunguliwa na nyumba. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, jumla inatamkwa, na wanachama wanatakiwa kuikumbuka wiki inayofuata, kiasi kwamba hata asiyejua kusoma anaweza kumsahihisha mweka hazina. Mfumo wa vikundi vya aina hii ulienezwa kwanza nchini Niger mwaka 1991 na shirika la kimataifa la CARE, na jambo hilo linafundisha kitu, kwa maana linaonyesha kwamba wazo kutoka nje halimdhalilishi mtu ikiwa funguo zimeachwa mikononi mwa wenye sanduku.

Vyama vya kufa na kuzikana, vilivyoenea mijini tangu enzi za ukoloni, vinafuata mantiki hiyohiyo. Sanda, jeneza, gari la kusafirisha maiti na chakula cha matanga vinalipwa kwa michango ya watu ambao wengi wao ni maskini, na daftari la michango linasomwa msibani, jina kwa jina, likieleza kilichoingia na kilichotumika. Anayepokea leo alitoa mwezi uliopita, na anayetoa leo anajua kwamba zamu yake itafika, kwa hiyo hakuna anayeweza kuligeuza fungu lake kuwa cheo. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, inapata maana yake kamili hapa, kwa kuwa utoaji unatenganishwa na mali na kurudishwa kwenye nia, na nia haina tabaka wala rangi.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din, sehemu inayozungumzia siri za zaka, anakwenda mbali zaidi kwa kufundisha kwamba mtoaji anapaswa kumwona mpokeaji kuwa ndiye mhisani wake, kwa sababu mpokeaji anaipokea haki ya Mwenyezi Mungu na kwa kuipokea anamtakasa mtoaji. Fundisho hili linajengwa juu ya itikadi kwamba mali ni amana na kwamba ndani yake mna fungu ambalo ni haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alihubiri jambo la karibu na hilo aliposhikilia kwamba mkate uliofichwa ghalani ni mali ya mwenye njaa. Wote wawili wanaibomoa ile picha ya mtoaji aliye juu na mpokeaji aliye chini, kwani anayemrudishia mtu haki yake hana sababu ya kushukuriwa kama bwana.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba jamii nayo ina dhuluma zake, na pingamizi hili ni la kweli. Harambee, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 na ambayo ilijenga mamia ya shule, baadaye iligeuzwa na wanasiasa kuwa jukwaa la kununua kura na kuwashurutisha watumishi wa umma wachange, hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikalazimika kuwazuia maafisa wasitumie vyeo vyao kuchangisha. Katika Pwani, wazao wa watumwa wamewahi kuwekwa safu ya nyuma na ndugu zao wa dini, na katika vikundi vingi wanawake ndio wanaochanga huku wanaume wakiongoza kikao. Hata hivyo, kasoro hizi hazihalalishi kumkabidhi mgeni uamuzi, kwa kuwa ubaya wa harambee iliyotekwa ni uleule wa msaada wa kibaguzi: mtoaji ametoroka hesabu. Dawa ya ugonjwa huo ni kuongeza idadi ya wanaoruhusiwa kuuliza, kuanzia mjane aliyeketi nyuma ya ukumbi.

Pingamizi la pili linadai kwamba kusifu utoaji wa jamii ni kuyapa mataifa tajiri udhuru wa kujiondoa. Matukio ya mwaka 2025 yanaipa hofu hii uzito, kwa kuwa serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Nchini Sudan, ambako vita vilianza Aprili 2023, vijana na wanawake wa mitaa walikuwa wameunda vyumba vya dharura, yaani kamati za kujitolea zilizokuwa zikipika chakula, kuhamisha majeruhi na kutengeneza mabomba ya maji mahali ambapo mashirika makubwa hayakuweza kuingia, na kazi yao ikatunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2025. Kamati hizo zilizaliwa na desturi ya Kisudani ya nafir, ambayo ni mwito wa kushirikiana katika kazi, na zilipokatiwa ghafla fedha za Marekani, mamia ya majiko yalizimika. Kisa hiki kinathibitisha mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja: kwamba jamii ina ujuzi na ujasiri ambao mgeni hana, na kwamba ujuzi huo haununui unga. Kuheshimu uamuzi wa jamii hakumsamehi tajiri fungu lake. Kunamnyima tu haki ya kulitumia fungu hilo kama hatamu.

Pingamizi la tatu ni la kina zaidi, kwani linasema kwamba hisani yoyote, ya nje au ya ndani, inafunika swali la haki. Immanuel Kant aliligusa swali hilo mwaka 1797 alipouliza ikiwa msaada wa tajiri unastahili hata kuitwa wema, endapo utajiri wake umetokana na serikali isiyo ya haki iliyowapendelea wengine na kuwaacha wengine katika uhitaji. Kant huyohuyo aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika na kuwapanga wanadamu kwa rangi, na mkasa huo unaonyesha kwamba mtu anaweza kuitamka kanuni sahihi na kushindwa kuwaona wanaohusika nayo. Swali lake linabaki kuwa la lazima. Nchi ambayo kahawa, pamba na shaba zake zilijenga viwanda vya wengine haiwi mwombaji wa kawaida inaponyosha mkono, na kwa sababu hiyo utoaji wa jamii haupaswi kufikiriwa kuwa mbadala wa haki. Unachoweza kufanya ni kuwafundisha na kuwaimarisha wanaoidai, kwa maana watu waliozoea kumhoji mweka hazina wao hawaoni haya kumhoji waziri wala mfadhili.

Toba na marejesho

Tangu mwaka 2020 mashirika mengi yametoa matamko ya kujutia ubaguzi, yameendesha semina na kubadilisha maneno katika nyaraka zao. Dini zinatoa kipimo cha kupimia juhudi hizo. Wanazuoni wa Kiislamu wanaeleza kwamba toba ina masharti matatu, kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia, lakini dhambi ikigusa haki ya mwanadamu mwingine huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, Zakayo mtoza ushuru hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani na kusikitika. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.

Kwa kipimo hicho, kilichochukuliwa katika misaada kabla ya kitu kingine chochote ni haki ya watu kuaminiwa juu ya maisha yao wenyewe, kwa hiyo toba inayotosha ni ile inayoirudisha haki hiyo katika sura inayoonekana: fedha zinazofika bila kupitia mikono mitano, bodi ambazo wenye shida wana kura ndani yake, mishahara inayofuata kazi bila kuuliza pasipoti, na hesabu inayotolewa kwa kijiji kama inavyotolewa kwa bunge la nchi ya mfadhili. Taasisi za Kiafrika zinazokusanya na kugawa fedha kwa misingi hii zipo, mojawapo ikiwa Wakfu wa Maendeleo ya Jamii wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1997, ambao unatarajia jamii zenyewe ziweke fungu lao kabla ya kuongezewa. Jamii iliyoweka fungu lake inaweza kuukataa mradi usioifaa bila kuogopa kulala njaa, na uwezo huo wa kukataa ndio mpaka unaotenganisha kupewa na kutawaliwa. Mahali ambapo aliyepewa anaweza kusema hapana, na hapana yake ikaheshimiwa bila kulipiziwa, hapo mtoaji atakuwa amemwona mwenzake kuwa mtu kamili, na sadaka yake itakuwa imesalimika.